Miunganisho ya hifadhidata inapoisha msimu wa abiria wengi: tuongeze au tupunguze?

Swali la msomaji: “Mimi ni mwandishi wa programu katika kampuni ya mabasi ya masafa marefu yenye ofisi River Road, Nairobi. Abiria hukata tiketi kwa simu na kulipa kwa M-Pesa. Mfumo wetu umeandikwa kwa Java juu ya Spring Boot, na hifadhidata ni PostgreSQL kwenye seva yenye viini 8 vya kichakataji na kumbukumbu ya gigabaiti 32. Siku za kawaida tunaendesha nakala 6 za programu, na wakati wa msongamano zinaongezeka zenyewe hadi 12. Jioni za Ijumaa na wiki ya Krismasi logi zilikuwa zikijaa ujumbe ‘FATAL: sorry, too many clients already’. Tulipandisha max_connections, yaani kikomo cha miunganisho ambayo hifadhidata hukubali, kutoka 100 hadi 500, na akiba ya miunganisho (ile inayofunguliwa mapema na kuazimishwa) katika kila nakala kutoka 10 hadi 40. Ujumbe ule umetoweka, lakini mfumo umekuwa mzito kuliko awali, na abiria wengine husubiri kama nusu dakika kisha wakapata kosa. Je, akiba inapaswa kuwa na ukubwa gani? Na je, tunahitaji PgBouncer, ile programu inayokaa kati ya mfumo na hifadhidata kusimamia miunganisho?”

Ndugu msomaji, nitatanguliza jibu na kuleta sababu baadaye, kwa kuwa najua una kazi ya kufanya kabla ya Desemba. Rudisheni max_connections kwenye 100, punguzeni akiba ya kila nakala hadi miunganisho 5, zuieni nakala zisizidi 6, na kabla ya yote hayo tafuteni mahali ambapo msimbo wenu unashikilia muunganisho wa hifadhidata huku ukisubiri jambo lisiloihusu hifadhidata. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko mengine yote. Mkipunguza akiba bila kulitatua, hali itakuwa mbaya zaidi ya ilivyo sasa, kwa hiyo naomba usome hadi mwisho kabla ya kubadilisha tarakimu yoyote.

Inafaa kwanza tuelewane kuhusu gharama ya muunganisho mmoja. Programu inapofungua muunganisho mpya na PostgreSQL, seva huzaa mchakato mpya wa mfumo endeshi kwa ajili ya mteja huyo peke yake. Kabla ya ulizo (query) la kwanza kufika, pande mbili hizo husalimiana kwa TCP, hukubaliana funguo za TLS ikiwa mawasiliano yamefichwa, kisha huthibitisha nywila, na kwa njia ya SCRAM-SHA-256, ambayo ndiyo chaguo-msingi tangu toleo la 14 la mwaka 2021, uthibitisho huo peke yake huhitaji ujumbe kwenda na kurudi zaidi ya mara moja. Mchakato ukishazaliwa huanza bila kujua lolote kuhusu majedwali yenu, na hulazimika kusoma maelezo yake upya na kuyaweka katika kumbukumbu yake binafsi. Kwa ulizo linalokamilika kwa milisekunde 2, maandalizi haya yanaweza kuchukua muda mrefu mara nyingi kuliko kazi yenyewe. MySQL hutumia uzi (thread), yaani mkondo wa kazi ndani ya mchakato mmoja, badala ya mchakato mzima, jambo ambalo ni jepesi zaidi, lakini salamu za mtandao na uthibitisho hubaki vilevile.

Akiba ya miunganisho huondoa gharama hiyo kwa kufungua miunganisho michache mapema na kuiazimisha. Msimbo unaomba muunganisho, unaufanyia kazi, na unapoita close() muunganisho haufungwi bali unarudishwa akibani ili mwingine autumie. Nyinyi mnaotumia Spring Boot mnayo akiba hiyo tayari hata kama hamkuiomba, kwa sababu tangu toleo la 2.0 la mwaka 2018 maktaba ya HikariCP ndiyo inayotumika bila kuagizwa, na ukubwa wake wa kawaida ni miunganisho 10.

Watu wengi huishia hapo, wakidhani kwamba kazi ya akiba ni kuokoa muda wa kufungua. Kazi yake ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi, ni kuweka kikomo. Akiba huamua ni maulizo mangapi yanaweza kuingia kwenye hifadhidata kwa wakati mmoja, na yaliyozidi huyaweka kwenye foleni ndani ya programu yenu, mahali ambapo kusubiri hakugharimu chochote ila uzi mmoja uliolala. Mlipopandisha akiba kutoka 10 hadi 40 hamkuipa hifadhidata nguvu mpya. Mliihamisha foleni tu, ikatoka kwenye programu, ambako ilikuwa na utaratibu, ikaingia ndani ya seva ya hifadhidata, ambako kila anayesubiri anamsumbua anayefanya kazi.

Viini 8 vya kichakataji vinaweza kushughulikia maulizo 8 kwa wakati mmoja, si zaidi. Zaidi ya hapo, mfumo endeshi hulazimika kumsimamisha mmoja na kumpa nafasi mwingine, na kila badiliko la zamu hupoteza muda kidogo na kuvuruga data iliyokuwa karibu na kichakataji. Yapo maulizo yanayosubiri diski, na hayo huacha nafasi kwa mengine, ndiyo maana idadi inayofaa huzidi kidogo idadi ya viini. Lakini wakiingia wateja 480 kwa mpigo, yaani nakala 12 zenye miunganisho 40 kila moja, hugombania viini vilevile, diski ileile na makufuli yaleyale ya ndani. Kuna pia suala la kumbukumbu: mpangilio wa work_mem, ambao kwa kawaida ni megabaiti 4, hautumiki mara moja kwa kila muunganisho, bali kwa kila hatua ya kupanga au kuunganisha data, na ulizo moja la ripoti linaweza kuwa na hatua kadhaa za namna hiyo. Askari wa trafiki anayesimamia mzunguko wa barabara jioni huzuia magari ya upande mmoja kwa makusudi, kwa sababu anajua kwamba akiyaruhusu ya pande zote nne yaingie pamoja, hakuna litakalotoka. Kikomo cha akiba kinafanya kazi hiyohiyo.

Ni haki nitaje kwamba toleo la 14 la PostgreSQL lilipunguza sana gharama ya kuwa na miunganisho mingi iliyokaa kimya, kwa kuboresha namna kila muamala (kundi la maulizo yanayofanikiwa au kushindwa pamoja) unavyopata picha ya data iliyothibitishwa. Ikiwa mko kwenye toleo la zamani, kuna faida ya kweli katika kuhama. Hata hivyo, maboresho hayo yanawahusu wanaokaa kimya. Miunganisho 480 inayofanya kazi kwa pamoja haiwezi kuokolewa na toleo lolote.

Sasa tuingie kwenye ukubwa. Jamii ya PostgreSQL ina kanuni ya makadirio ambayo watengenezaji wa HikariCP pia huipendekeza kama mahali pa kuanzia: zidisha idadi ya viini kwa 2, kisha ongeza idadi ya diski zinazozunguka. Kwa seva yenu, tukihesabu diski moja, hiyo ni 8 mara 2, jumlisha 1, yaani 17. Diski za kisasa zisizozunguka haziingii vizuri kwenye hesabu hiyo, na mimi huichukulia kama dira tu, lakini angalia tarakimu yenyewe ilivyo ndogo. Inazungumzia miunganisho 17 inayofanya kazi kwa wakati mmoja kwa hifadhidata nzima, wala si kwa kila nakala ya programu. Hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Mwandishi wa programu huona 10 kwenye faili la mipangilio, akaiona kuwa ni idadi ya wastani, na akasahau kuizidisha kwa nakala zote. Kwenu, 12 mara 10 ni 120, ilhali max_connections ilikuwa 100, na kati ya hizo 3 huwekewa wasimamizi wakuu, hivyo zilizobaki kwa ajili yenu zilikuwa 97. Ujumbe wa kosa ulikuwa sahihi kabisa. Na hata sasa, 12 mara 40 ni 480 katika 500, kwa hiyo siku mtakayosambaza toleo jipya la programu wakati wa msongamano, nakala mpya zikaanza kabla ya zile za zamani kuzimwa, ujumbe ule utarudi.

Ndiyo maana nikashauri nakala 6 zenye miunganisho 5 kila moja, jumla 30. Inazidi 17 kwa sababu si kila muunganisho ulioazimwa huwa unafanya kazi kila milisekunde, na inaacha nafasi ya kutosha kwa ripoti, kwa kazi za usiku na kwa fundi anayetaka kuingia kuangalia hali. Nakala 12 hazina faida mahali ambapo kinachobana ni hifadhidata. Kwa kawaida Spring Boot hupokea maombi kwa nyuzi 200 katika kila nakala, kwa hiyo nakala 6 zinaweza kuwa na maombi 1,200 mkononi, na kuongeza nakala nyingine ni kuongeza idadi ya wanaobisha mlango uleule.

Najua 30 inaonekana kuwa tarakimu ya kutisha kwa mfumo unaohudumia maelfu ya abiria. Hesabu ya kuondoa hofu hiyo ni rahisi. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kwamba wastani wa walio ndani ya mfumo wowote uliotulia ni sawa na kasi ya kuingia ikizidishwa kwa muda ambao kila mmoja hukaa ndani. Tuseme maombi 200 yanaingia kila sekunde na kila moja linashikilia muunganisho kwa milisekunde 20. Zidisha 200 kwa 0.02, unapata miunganisho 4. Sasa chukua maombi 40 tu kwa sekunde, lakini kila moja lishikilie muunganisho kwa sekunde 12. Unapata 480. Muda wa kushikilia ndio uliobadilisha kila kitu, na hata kampuni yenye abiria wachache inaweza kumaliza akiba kubwa kama haijali muda huo.

Hapa nirudi kwenye jambo moja uliloandika kwa kupita, ambalo kwangu ndilo lililosema mengi zaidi. Umesema abiria husubiri kama nusu dakika kisha wanapata kosa. HikariCP huwa na kipimo kinachoitwa connectionTimeout, na thamani yake ya kawaida ni milisekunde 30,000. Maana yake ni kwamba nyuzi zenu ziliomba muunganisho, zikasubiri sekunde 30 kamili, na zikakata tamaa, licha ya kwamba kila nakala ilikuwa na miunganisho 40. Yote 40 ilikuwa imeazimwa na haikurudishwa. Hifadhidata yenye viini 8 haiwezi kuwa ilikuwa ikiyafanyia kazi maulizo 480 muda wote huo. Sehemu kubwa ya miunganisho hiyo, kwa vyovyote, ilikuwa mikononi mwa msimbo uliokuwa ukisubiri kitu kingine.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni malipo. Fikiria tiketi moja. Abiria aliye Umoja anachagua kiti nambari 14 katika basi la usiku la kwenda Kisumu. Msimbo unafungua muamala wa hifadhidata, unaisoma rekodi ya kiti hicho kwa SELECT ... FOR UPDATE ili mwingine asikichukue, unatuma ombi la malipo ili abiria atokezewe na kidirisha cha kuweka PIN, unasubiri jibu, na jibu likija unaandika tiketi na kuukamilisha muamala. Kwa anayesoma msimbo huo, mantiki inapendeza: kila kitu kinafanikiwa pamoja au kinashindwa pamoja. Lakini muda wote ambao abiria anatafuta miwani, anaangalia kama salio linatosha, au anakosea PIN na kurudia, muunganisho mmoja umekaa bila kazi, na rekodi ya kiti imefungwa. Na viti vya mbele na vya dirishani hupendwa na wengi. Mtu wa pili anayekitaka kiti kilekile hukutana na kufuli, naye husubiri akiwa ameshika muunganisho wake, na wa tatu vivyo hivyo. Abiria mmoja mzito wa kuamua anaweza kufunga miunganisho mitano bila yeye kujua.

Dawa yake ni kuukata muamala huo vipande vitatu vifupi, na kuhakikisha kwamba kati ya kipande na kipande hakuna muunganisho uliobaki mkononi. Katika kipande cha kwanza, kiti kinawekewa alama kwamba kimeshikwa hadi saa fulani:

UPDATE viti SET hali = 'kimeshikwa', mwisho = now() + interval '5 minutes'
WHERE safari_id = 881 AND namba = 14
AND (hali = 'wazi' OR (hali = 'kimeshikwa' AND mwisho < now()));

Ikiwa rekodi moja imebadilika, kiti ni cha abiria huyo kwa dakika tano. Ikiwa hakuna iliyobadilika, kimekwisha kuchukuliwa na anaambiwa papo hapo achague kingine. Muamala unakamilishwa na muunganisho unarudi akibani. Baada ya hapo ndipo ombi la malipo linatumwa, bila muunganisho wowote. Kama mnavyojua kutokana na mpangilio wa malipo wa Safaricom, jibu la mara moja huwa linasema tu kwamba ombi limepokelewa, na huja na utambulisho wa CheckoutRequestID. Matokeo yenyewe hufika baadaye kwa ujumbe tofauti unaotumwa kwenye anwani ya mfumo wenu. Kipande cha pili kinahifadhi utambulisho huo. Kipande cha tatu kinaanzishwa na ujumbe wa matokeo, nacho kinathibitisha tiketi. Kila kimoja kati ya vitatu hivi kinaweza kukamilika kwa milisekunde chache.

Mpangilio huu unadai uangalifu ambao ule wa kwanza haukuudai, na si vizuri kuuficha. Ujumbe wa matokeo unaweza kuchelewa hadi dakika tano zikapita na kiti kikauzwa kwa mwingine, kwa hiyo lazima kuwe na uamuzi ulioandikwa: abiria apewe kiti kingine katika basi hilohilo au arudishiwe pesa. Ujumbe unaweza pia kufika mara mbili, na ulinzi wa uhakika ni kuiwekea CheckoutRequestID sharti la upekee katika jedwali la malipo, ili tiketi isiandikwe mara mbili. Na unaweza kutofika kabisa, hivyo panahitajika kazi ndogo ya kuuliza hali ya malipo ambayo hayajajibiwa. Huo ni msimbo zaidi, nakubali. Lakini pesa ya abiria inastahili uangalifu huo hata kama pasingekuwa na tatizo la miunganisho.

Malipo yakishapona, kuna mitego miwili ya Spring ambayo inashikilia muunganisho kimyakimya. Wa kwanza ni mpangilio wa spring.jpa.open-in-view, ambao huwa umewashwa tangu mwanzo, na Spring Boot yenyewe huandika onyo kuuhusu kwenye logi kila inapoanza. Ukiwa umewashwa, kikao cha Hibernate, maktaba inayosoma na kuandika hifadhidata kwa niaba ya msimbo wenu, hubaki wazi hadi jibu la ombi likamilike, na muunganisho uliokwisha kuazimwa mara nyingi hubaki nacho, hata wakati programu inatengeneza ukurasa au inaita huduma nyingine ya mtandao. Uzimeni kwa kuandika false. Huenda mkakutana na makosa ya LazyInitializationException mahali ambapo data ilikuwa ikisomwa kwa kuchelewa, kwa hiyo msifanye hivyo Ijumaa mchana. Fanyeni kwenye mazingira ya majaribio, mkarekebishe maulizo yanayohusika. Vilevile kumbukeni kwamba mbinu (method) iliyowekewa @Transactional, yaani alama ya kwamba ifanyike ndani ya muamala, kwa kawaida huazima muunganisho mwanzoni kabisa, kabla ya ulizo la kwanza, kwa hiyo kuliweka ombi la mtandao juu ya maulizo hakusaidii. Liondoeni nje ya mbinu hiyo.

Mtego wa pili ni hatari zaidi akiba inapokuwa ndogo, na ndiyo sababu nilikuonya usipunguze tarakimu kwanza. Ni pale mbinu iliyo ndani ya muamala inapoita nyingine yenye REQUIRES_NEW (agizo la kufungua muamala mpya wa peke yake), pengine ili kuandika kumbukumbu ya ukaguzi. Uzi huo unahitaji miunganisho miwili kwa mpigo: unashika wa kwanza huku ukiomba wa pili. Akiba ikiwa na 5 na nyuzi 5 zikashika wa kwanza kwa wakati mmoja, zote zinasubiri wa pili ambao hautapatikana kamwe, hadi muda wa kusubiri uishe. Watengenezaji wa HikariCP wana kanuni ya kuepuka mkwamo huo: idadi ya nyuzi ikizidishwa kwa miunganisho inayohitajika kwa mpigo ukitoa 1, kisha ongeza 1. Kwa nyuzi 10 zinazohitaji miwili, ni 10 mara 1 jumlisha 1, yaani 11. Kwa nyuzi 200, hesabu hiyo inakupa 201, jambo ambalo halina maana. Suluhisho la kweli ni kuziondoa REQUIRES_NEW hizo na kuandika kumbukumbu za ukaguzi ndani ya muamala uleule, au baada yake.

Usiyachukue haya kwa kuniamini tu, yathibitishe. Msongamano unapoanza, ingia kwenye hifadhidata na uendeshe ulizo hili:

SELECT state, count(*) FROM pg_stat_activity WHERE datname = current_database() GROUP BY state;

Ukiona wengi wako active, hifadhidata kweli ina kazi, na macho yaelekezwe kwenye faharasa na maulizo mazito. Ukiona wengi wako idle in transaction, umempata mkosaji: hao wamefungua muamala, wakaondoka kwenda kufanya jambo jingine. Safu ya query itakuonyesha ulizo la mwisho la kila mmoja, na kutoka hapo kuufikia msimbo wenyewe si safari ndefu. Upande wa programu, wekeni leakDetectionThreshold ya HikariCP kuwa milisekunde 5,000. Ikiwa muunganisho umeshikiliwa zaidi ya hapo, logi itaandika ni mstari gani wa msimbo uliouazima. Kwa kawaida kipimo hicho huwa kimezimwa, na ni masikitiko, kwa sababu sijui chombo kingine kinachotoa jibu la haraka namna hiyo.

Kisha wekeni vikomo vya muda. Punguzeni connectionTimeout kutoka sekunde 30 hadi 3. Abiria mwenye simu mkononi hangoji nusu dakika. Hubonyeza tena, na kila kubonyeza ni ombi jipya linalojiunga na foleni nyuma ya lile alilolitelekeza. Ni heshima kubwa zaidi kumwambia mapema kwamba mfumo umelemewa na ajaribu baada ya muda mfupi. Upande wa PostgreSQL, idle_in_transaction_session_timeout, iliyopo tangu toleo la 9.6, iwekwe sekunde 10 kwa mtumiaji wa programu ya tiketi, ili muamala uliosahauliwa ukatwe na kufuli liachiliwe. Kuhusu maxLifetime, ambayo kwa kawaida ni dakika 30, iacheni ilivyo, mradi tu iwe fupi kuliko muda ambao seva au mtandao wenu unaua miunganisho. Na ikiwa kati ya programu na hifadhidata kuna kifaa kinachokata miunganisho iliyokaa kimya, tumieni keepaliveTime.

Jambo moja hukulitaja, nami nalitaja kwa sababu linawahusu wengi wa Nairobi: seva ya hifadhidata iko wapi? Ikiwa programu inaendeshwa hapa na hifadhidata iko Ulaya, kila ulizo linasafiri baharini na kurudi, na muunganisho unashikiliwa muda wote wa safari. Tuseme kwenda na kurudi ni milisekunde 150, na ukurasa wa kuchagua kiti unafanya maulizo 6 kwa kufuatana. Hizo ni milisekunde 900 ambazo hifadhidata haikufanya kazi yoyote. Wekeni programu na hifadhidata katika kituo kimoja cha data, popote kilipo. Abiria ataumia mara moja kwa umbali, badala ya mara sita.

Sasa PgBouncer. Ni programu ndogo iliyozaliwa Skype mwaka 2007, inayokaa kati ya programu na PostgreSQL, kwa kawaida kwenye poti 6432, ikipokea wateja wengi na kuwapitishia kwenye miunganisho michache. Thamani yake huonekana inapotumika kwa hali ya muamala, ambapo muunganisho wa kweli hutolewa kwa mteja kwa muda wa muamala mmoja tu. Hali yake ya kawaida, ya kikao, isingewasaidia sana nyinyi mlio na HikariCP tayari. Hali ya muamala ina masharti yake: amri za SET zinazotegemewa zidumu, makufuli ya ushauri ya kikao na LISTEN havifanyi kazi inavyotarajiwa, kwa sababu muamala wako ujao unaweza kuangukia muunganisho mwingine. Maulizo yaliyotayarishwa mapema, ambayo draiva ya Java huyatumia sana, yalikuwa kikwazo hadi toleo la 1.21 la mwaka 2023 lilipoyakubali kupitia mpangilio wa max_prepared_statements.

Kwa nakala 6 zinazojulikana idadi, sioni sababu ya kuongeza chombo kingine cha kutunza. PgBouncer itawafaa siku nakala zitakapokuwa nyingi au zikawa zinaongezeka bila nyinyi kujua idadi yake, au mtakapoongeza huduma zilizoandikwa kwa lugha ambazo kila mchakato huwa na miunganisho yake yenyewe. Na naomba hili lieleweke vizuri: haiponyi ugonjwa wa kushikilia muamala huku abiria akiweka PIN. Muamala uliofunguliwa na kuachwa utashika muunganisho wa kweli nyuma ya PgBouncer vilevile, na foleni itahamia huko. Ripoti za mapato, kwa upande mwingine, zipeni akiba yao ndogo ya miunganisho 2 na mtumiaji wake wa hifadhidata, ili mhasibu anayevuta takwimu za mwezi asigombanie nafasi na anayekata tiketi.

Utaratibu wa kazi uwe hivi: wiki ya kwanza ni kupima kwa pg_stat_activity na leakDetectionThreshold bila kubadilisha kingine, kisha kukata muamala wa malipo, kisha kuzima open-in-view na kuondoa REQUIRES_NEW, na ndipo tarakimu zipunguzwe. Mkifika hapo, endesheni jaribio la mzigo kwenye nakala ya mfumo yenye data ya ukubwa halisi, kwa kiwango cha maombi mlichokiona Ijumaa mbaya kuliko zote, mara ya kwanza akiba ikiwa 3 kwa kila nakala, mara ya pili 5, mara ya tatu 8. Kila mara andikeni idadi ya tiketi zilizokamilika kwa sekunde na muda wa maombi yaliyochelewa zaidi, na mtazame kipimo cha hikaricp.connections.pending, kinachoonyesha nyuzi zinazosubiri muunganisho. Kati ya tarakimu hizo tatu, chukueni ndogo kabisa ambayo baada yake tiketi kwa sekunde haziongezeki tena, na hiyo ndiyo mtakayoingia nayo Desemba, hata kama itatofautiana na 5 niliyowapa.